Aproni ya Uzi wa Fedha

"Sivai," Fei Lanzhu alisema. "Nitoe kazini, nifukuze, fanya unavyotaka. Sivai."

Alikuwa amesimama katikati ya karakana na mkasi mkononi, tumbo limeanza kuchomoza chini ya sweta, na mbele yake Bosi Yao amekunjua aproni mpya kama mtu anayemshikia mgeni koti. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Wanawake waliokuwa wakishona walijitia wanatafuta uzi, wanatafuta sindano, kumbe wametega masikio.

Najua utasema nini. Utasema, mwanamke gani huyu, kichwa kigumu namna hii, anakorofishana na bosi wake kwa sababu ya aproni? Tena aproni anazozishona mwenyewe! Wengi mjini kwetu walisema hivyohivyo, na midomo haikuwauma. Mimi nasema subiri kwanza nikueleze.

Huku kwetu, kusini ya Ziwa Tai, binti anazaliwa akisikia mashine za kufuma. Mama yake Lanzhu alifuga viwavi wa hariri, akichovya vifuko vyao kwenye maji ya moto mpaka ngozi ya vidole ikambabuka. Lanzhu alipopata umri wa kufanya kazi aliingia kiwanda cha bitana, vile vitambaa vya ndani ya makoti, viwavi akawapa mgongo bila hata chozi moja. Bitana nazo zikaja kukosa soko, na wenye mashine waliokuwa wajanja wakahamia kwenye kitambaa cha uzi wa fedha. Ukikishika utasema ni kitambaa kama vingine, ubaridi kidogo tu na rangi ya tumbo la samaki. Lakini nyuzi zake zimepakwa fedha, na nyingine ni chuma cha pua kilichovutwa mpaka kikawa chembamba kuliko unywele. Kazi yake ni kuzuia mawimbi, haya ya simu na redio na mashine, ambayo huwezi kuyaona lakini yanaingiliana na kuharibiana kazi. Wenye viwanda hukinunua wakazungushia nyaya, wakabandika ndani ya makasha, wakashona mahema ya kupimia vyombo vyao mahali ambapo kelele za nje haziingii.

Na wajawazito hununua aproni.

Hizo aproni ndizo zilizompa Bosi Yao lile gari lake jeusi. Kwetu mwanamke akishika mimba tu, hata kichefuchefu hakijamzoea, keshaletewa aproni ya uzi wa fedha. Kama si mama mkwe ni dada, kama si dada ni wenzake kazini wamechanga. Anaivaa mbele ya kompyuta, anaivaa sokoni, anaivaa akipika, ati mawimbi yasimfikie mtoto. Asiyevaa ananyooshewa vidole. Na wauzaji sokoni wana mchezo wao mmoja: wanachukua simu yako, wanaifunga vizuri ndani ya kile kitambaa, halafu wanakwambia haya, piga. Unapiga, hailii. Basi umeshaamini, unatafuta pochi.

Lanzhu naye aliamini. Mimba yake ya kwanza aliishonea aproni kwa mkono wake, akachagua kitambaa kizito kuliko vyote, akatia kamba ndefu za kufunga nyuma. Mama mkwe wake, Azhen, ndiye aliyemkagua kila asubuhi kabla hajatoka mlangoni. Huyu Azhen ni mwanamke mfupi, mkavu, ana sauti ya kuita mashua kutoka ng'ambo ya mfereji, na mimba ya mkwewe aliilinda kama yake. Kula kaa wa ziwani kukawa marufuku. Mikasi yote ya nyumbani akaificha, maana mjamzito akikata kitu kitandani mtoto atazaliwa na mdomo uliopasuka. Genxing, mume wa Lanzhu, akakatazwa kugongomea msumari hata mmoja ukutani. Lanzhu alicheka, akakubali yote. Kazini alishika mkasi kutwa nzima, nyumbani akachanachana majani ya vitunguu kwa mikono, ili mradi amani iwepo.

Kisha joto likaja. Nalo joto la kwetu si la kusimuliwa, linakuja na unyevu, nguo inakugandia mwilini kama plasta. Na aproni ile haipitishi hewa. Ngozi ya Lanzhu ikatoka vipele kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Jioni moja alikaa kwenye ngazi za mferejini, akafungua kamba, akaiweka aproni magotini, akala kipande cha tikiti. Azhen akatokea mlangoni.

"Vaa!"

"Mama, naungua. Kidogo tu, nipate upepo."

"Vaa, nakwambia!"

Akavaa. Lakini alikuwa ameshavua, na Azhen alikuwa ameshaona. Wiki hiyohiyo mimba ikatoka. Daktari alisema mambo haya hutokea, hayana mwenyewe, wala asijilaumu. Nani alimsikiliza daktari? Watu walimsikiliza Azhen.

Azhen hakumpigia mkwewe kelele, na hilo ndilo baya. Angempigia kelele wangegombana, wakalia, yakaisha. Yeye aliyapeleka kwenye chai ya mabibi. Wanawake wakubwa wa mtaa wetu wana zamu ya kukaribishana, leo kwa huyu, siku nyingine kwa yule. Mwenye zamu anatia majani kwenye kikombe, anatia kunde za kijani zilizokaushwa kwa moshi, ufuta, ganda la chungwa, anamwagia maji ya moto, na wanakaa kunywa na kusema mpaka kila mmoja amekula zile kunde za chini. Hapo ndipo mtaa unapohukumiwa. Azhen alikaa, akashika kikombe, akasema, "Alivua. Nimemwona kwa macho yangu haya. Alivua." Hakutia chumvi, hakuongeza neno, na kila nyumba iliyokuwa na zamu alilisema tena.

Likaenea. Muuza tofu ya maharage ya soya alimtazama Lanzhu tumbo kabla ya kumtazama uso. Wajawazito karakanani wakasogeza viti. Hata Genxing, mwanamume mpole asiyemkosea mtu, siku moja amekunywa pombe ya mchele kidogo, alimuuliza mkewe, "Hivi, uliivua kwa muda gani hasa?" Lanzhu alichukua mto wake akaenda kulala chumba cha kuhifadhia mchele, akakaa huko mpaka baridi ikamrudisha. Maneno ya mtaa mzima hayakumchoma kama swali lile.

Maana yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza hilohilo! Miaka miwili alijiuliza. Akishona kamba za aproni za watu aliona zake, anazifungua, tikiti liko mkononi. Muuaji, alijiambia. Mwanamke mzima, umeshindwa kuvumilia joto.

Baadaye akahamishwa kutoka meza ya aproni akapelekwa meza ya mahema. Ni kazi ngumu, ina heshima yake, na wanaoiweza si wengi. Hema la kwanza aliloshona lilikuja kupimwa na fundi wa kiwanda kilicholiagiza, kijana mcheshi. Akaingia ndani na simu, akafunga, akasema kwa sauti wampigie. Simu ikalia. Fundi akatoka, akazunguka hema lote akipapasa mishono, akafika kwenye zipu. Chini ya zipu palikuwa na nafasi ndogo ambayo ungeweza kupitisha kidole.

"Dada, umefanya kazi nzuri kweli," akasema. "Lakini hapa umepaacha wazi, ni kama hujashona kitu. Mawimbi hayabishi hodi."

Lanzhu akafumua, akaanza upya. Akajifunza kukunja mshono mara mbili na kuubandika utepe wa shaba, kuunga sakafu na kuta pasionekane mwanya, kuweka mlango juu ya mlango. Safari ya pili simu ya fundi ikanyamaza kimya. Wenzake wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye msumari, ambapo aproni mojawapo ilikuwa imetundikwa.

Haina sakafu, alijisemea. Haina mikono. Shingoni iko wazi kama kisima, na huku chini ndiyo usiseme, gunia zima la mchele lingepita. Kama kidole kimoja kinaharibu hema zima, hii inazuia nini?

Akaenda chooni akafunga mlango, akalia mpaka akashindwa kupumua.

Wewe utauliza, mbona hakujaribu siku ileile? Simu si anayo, aproni si hiyo hapo ukutani? Ndiyo, alikuwa navyo vyote. Lakini aliogopa. Kwa sababu kama angeivaa, akaweka simu ndani, na simu ikakaa kimya, basi neno la mama mkwe lingekuwa kweli mpaka siku atakayokufa. Kutojua kulimpa pa kushika. Akaendelea kushona mahema yake, na aproni akaziacha ukutani, wala hakuwa akizitazama tena.

Ndipo akashika mimba ya pili.

Mikasi ikapotea nyumbani siku hiyohiyo. Kaa wakapigwa marufuku tena. Na Azhen, bila kumwambia mtu, akavaa koti lake la pamba akaenda karakanani kwa Bosi Yao, wakakaa wakanywa chai, wakakubaliana. Bosi alikuwa anangojea wanunuzi wa aproni kutoka mji mwingine. Wangeingia waone nini? Mfanyakazi wake mwenyewe, tumbo hilo, hana aproni! Ndiyo maana Ijumaa ile alitoka na aproni mpya, ya rangi ya waridi, ina maua pembeni, akaikunjua mbele ya watu.

"Sivai," Lanzhu akasema, kama nilivyokwisha kukwambia.

"Ni zawadi, Lanzhu! Ya bure! Wengine wanaililia!"

"Wape wanaoililia."

"Mama mkwe wako ameniomba mwenyewe. Humheshimu hata mama mkwe?"

"Bosi, usinitafutie ugomvi wa nyumbani ukaniletea mezani. Nimekwambia sivai."

Bosi Yao akawa mwekundu. Si mtu mbaya, lakini hapendi kuaibishwa mbele ya wanawake. "Basi sikiliza," akasema. "Jumatatu uje umevaa. Ukija bila kuvaa, mpe Qiaodi meza yako, ukakae nyumbani ulee mimba. Na likitokea la kutokea, usiseme hukuambiwa."

Likitokea la kutokea! Aliyasema hayo mbele ya watu wote wanaoijua habari yake. Lanzhu akaweka mkasi mezani polepole. Qiaodi, jirani yake wa meza, akamnong'oneza, "Dada, vaa tu. Ni kitambaa tu. Vaa upone."

"Kama ni kitambaa tu, mbona nisipovaa inakuwa kosa?" Lanzhu akamjibu, wala hakunong'ona. "Nikivaa hii nimekubali. Nimekubali kwamba yule wa kwanza nilimuua mimi. Sikubali, Qiaodi. Hata wakinichoma moto."

Jumamosi ikawa zamu ya Azhen kukaribisha. Mabibi wakaja na mito yao ya kukalia, wakajaza sebule, kunde zikamwagwa vikombeni, maji yakachemka. Lanzhu alikuwa jikoni akimenya njugu. Akasikia mama mkwe anaita kwa sauti tamu, na sauti hiyo alikuwa anaijua.

"Lanzhu, mwanangu, njoo kidogo."

Akatoka. Azhen alikuwa na aproni ya waridi mapajani, ileile, Bosi Yao amemletea.

"Bosi wake kampa zawadi, na binti huyu hataki kuvaa," Azhen akawaambia wenzake. "Mimi nimeshazeeka, maneno yangu hayaingii. Labda ya kwenu yataingia."

"Vaa, binti," akasema mmoja.

"Kwani inakuuma nini?" akasema mwingine. "Mara ya kwanza hukuona?"

"Hebu tumwonyeshe," Azhen akasema. Akachukua simu yake, ile ya wazee yenye vitufe vikubwa, ambayo mlio wake ni jogoo, na jogoo mwenyewe anawika kwa nguvu hata majirani wanaamka. Akaifunga ndani ya aproni, akakunja, akakunja tena. "Genxing! Nipigie!"

Genxing akapiga kutoka mlangoni. Kimya. Mabibi wakaguna kwa mshangao, ingawa wote walishauona mchezo huo sokoni.

"Haya, umeona?" Azhen akasema. "Unaona inavyozuia? Na wewe ulivua."

Lilikuwa neno lilelile, lakini safari hii amelisema mbele yake, ndani ya nyumba yake, na mtoto yumo tumboni anasikia. Woga wote wa Lanzhu wa miaka miwili ulikuwepo, haukwenda popote, ila hasira iliupita.

"Nipe," akasema.

"Unavaa?" Azhen akafurahi.

"Navaa. Nipe na simu."

Akaivaa aproni. Akafunga kamba za shingoni, akamgeuzia Genxing mgongo amfungie za nyuma, "Kaza! Kaza zaidi!" Kisha akaipitisha simu ya jogoo chini ya aproni, akaishikilia juu ya tumbo, pale hasa anapolala mtoto, na mkono mwingine akaubandika juu ya kitambaa.

"Sasa piga."

Genxing akamtazama mama yake, akamtazama mkewe.

"Piga, Genxing! Unaogopa nini? Uliniuliza niliivua kwa muda gani. Piga tujue!"

Akapiga. Hapo ndipo Lanzhu alipofumba macho. Nakwambia, kile kitambo kati ya kidole cha Genxing na simu ile, mwanamke yule alizeeka. Isilie, isilie, la, ilie, ilie jamani, ilie! Hakujua tena anaomba nini.

Jogoo akawika.

Akawika kwa sauti yake yote, kutoka chini ya aproni ya waridi, mpaka bibi mmoja akamwaga chai. Aliwika, akapumzika, akawika tena.

"Hujafunga vizuri," Azhen akasema. Alikuwa ameshasimama.

"Njoo ufunge wewe, Mama."

Azhen akaja. Akafungua kamba akafunga upya kwa mikono yake, akavuta, akabana shingoni, akalainisha mbavuni, hakuacha mkunjo. "Piga," akamwambia mwanawe. Jogoo akawika. Azhen akaweka viganja vyake vyote viwili juu ya tumbo la mkwewe, akakandamiza kitambaa kama mtu anayemziba mtu mdomo. Jogoo akawika vilevile.

Bibi Hexiang, mkubwa wao, mwenye meno mawili tu lakini makali, akaweka kikombe chini. "Azhen," akasema, "sasa hiyo inakinga nini?"

"Haikingi," Lanzhu akajibu. "Ukiikunja ukaifunga pande zote, inakinga. Kitambaa ni kizuri, nakijua, nakikata kila siku. Lakini mimi si simu, Bibi. Siwezi kukunjwa. Ina shimo hapa, na hapa, na huku chini kote. Hema langu lilikataliwa kwa tundu la kidole!" Akamgeukia mama mkwe. "Mama, miaka miwili umesema nilivua. Umesema kwa Bibi Hexiang, umesema kwa wote hawa, na yote yakanifikia mimi huku jikoni. Nikajiona muuaji. Nilivua, ndiyo. Nilivua kitu ambacho hakikuwa kinamkinga. Kuvaa kwangu na kuvua kwangu ni mamoja. Mtoto yule alikwenda, na mimi sikumfukuza. Sikumfukuza, Mama!"

Azhen alisimama pale mikono imening'inia. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona mtaani kwetu: akaanza kukusanya vikombe. Wageni hawajala kunde zao! Akavichukua kutoka mikononi mwao, kimoja kimoja, akaenda navyo jikoni. Mabibi wakaokota mito yao wakaondoka bila kuaga.

Jumapili Genxing alimfuata mkewe uani, akasimama anakuna shingo. "Sikupaswa kukuuliza vile," akasema.

"Hukupaswa."

"Najua."

"Haya, umejua. Niletee ndoo hiyo."

Jumatatu Lanzhu aliamka akajiandaa kwenda kazini. Aproni ya waridi haikuwepo kwenye kiti ilipokuwa, na mama mkwe naye hakuwepo. Hakushangaa, alidhani Azhen ameirudisha kwa Bosi Yao ili akamsemee. Vizuri, alijisemea, tumalizane. Akavaa sweta lake, tumbo mbele, akapita mtaani kichwa juu, akaingia karakanani, akaenda mpaka kwenye meza yake ya mahema. Qiaodi alikuwa ameshakalishwa hapo. Akamwondokea mbio, Lanzhu akaketi.

Bosi Yao akaja. "Aproni iko wapi?"

"Sijui. Nimeamka haipo."

"Usinifanyie utoto, Lanzhu. Tulisemaje Ijumaa?"

"Wewe ulisema. Mimi nilikwambia sivai, na leo nakwambia hivyohivyo. Hema hili nimeshalifikisha nusu, na mishono yake naijua mimi. Ukitaka kunitoa, nitoe, nitasimama. Lakini kuvaa sivai."

"Basi simama!"

Akasimama. Akachukua kikombe chake cha chai, akachukua mto wake wa kiti. Wanawake wote walikuwa wanatazama chini. Ndipo kwa mbali, huko mwisho wa kichochoro, jogoo akawika.

Lanzhu akageuza shingo. Jogoo akanyamaza. Baada ya kitambo akawika tena, safari hii karibu kidogo, kama pale kwa muuza tofu. Sauti ya mwanamke ikasikika ikisema kitu, watu wakacheka, kisha kimya. Akawika tena, nyumba ya pili kutoka karakana. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine, maana hakuna aliyeweza kushona.

Mlango ukasukumwa. Azhen akaingia, amevaa koti lake la pamba, na juu ya koti aproni ya waridi yenye maua, kamba zimekazwa mpaka amekuwa kama furushi. Bibi kizee wa miaka yake, na aproni ya ujauzito! Nywele zilikuwa zimemtimka na jasho linamtoka kwa baridi ile. Hakumtazama mkwewe. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bosi Yao.

"Nipigie simu," akasema.

"Mama Azhen, hebu tukae kwanza tunywe chai..."

"Chai yako nimeshainywa. Nipigie!"

Bosi Yao akatoa simu yake, akabonyeza. Jogoo akawika kifuani kwa Azhen, chini ya uzi wa fedha, mbele ya wanawake wote waliokuwa wamesogeza viti vyao miaka miwili iliyopita.

"Mmesikia?" Azhen akawageukia. Sauti yake ile ya kuita mashua ilikuwa imekauka, ikabaki kama ya mtu mwenye mafua. "Tangu alfajiri napita. Kila nyumba niliyokunywa chai nikasema alivua, leo nimesimama mlangoni kwao nikawaambia wanipigie. Nimebakiza hapa. Basi hapa napo nasema. Si yeye. Mtoto alikwenda mwenyewe, na mimi nikamtafutia mtu wa kumbebesha, kwa kuwa sikuweza kukaa bila kumlaumu mtu. Nikambebesha huyu." Akafungua kamba za aproni, vidole vinamkosa, akaivua, akamtupia Bosi Yao kifuani. "Na wewe, ukimwondoa kwenye meza yake, nitavaa hiyo nikasimame hapo mlangoni wanunuzi wako wakija. Kila siku!"

Bosi Yao alikuwa bado ameshikilia simu sikioni. Aliitazama aproni, akamtazama Lanzhu, akamtazama yule bibi aliyesimama mbele yake kama kigingi. "Aa, kaa, Lanzhu, kaa," akasema. "Nani kasema uondoke? Kaa, hema linangojewa."

Lanzhu hakukaa. Alisimama na kikombe chake mkononi, anamtazama mama mkwe wake, na mama mkwe anatazama sakafu. Yako mengi ambayo angeweza kumwambia, na nakuapia alikuwa na haki nayo yote. Badala yake akamuuliza swali tunaloulizana huku kwetu kila siku ya Mungu, tukikutana njiani.

"Mama, umeshakula?"

Azhen akajipangusa pua kwa mkono wa koti. "Nitakula saa ngapi?" akasema. "Nyumba zenyewe zilikuwa nyingi."